Mosio ya Kutembea kwa Miguu

Kwa miaka sita ya kupiga mashini ya kuandikia katika ofisi ya zone, yaani wilaya, Balagizi alikuwa ameandika mosio hamsini na mbili, na hakuna hata moja iliyopata jibu. Kwa hiyo ile ya hamsini na tatu aliiandika bila woga.

Ambaye hakuishi Zaïre na aelezwe: mosio ilikuwa barua ya kuunga mkono. Mkubwa, yaani rais, akisema neno Kinshasa asubuhi, jua halijazama kila zone, kila shule, hata chama cha wauza makaa lazima wawe wameandika kwamba wamesikia, wamefurahi, na wako nyuma yake. Barua ilipigwa kwa Kifaransa, nakala sita, ikagongwa muhuri, ikapanda ndege. Pale Bukavu watu wote waliamini kwamba huko Kinshasa kuna chumba kikubwa ambamo mosio zinatolewa kwa kilo kwenda kufungia karanga.

Balagizi alikuwa na Kifaransa kizuri kuliko wote ofisini, alichokitoa seminari ndogo kabla ya kufukuzwa kwa ubishi. Ubishi huo ulimwisha alipopata mke, watoto na mshahara. Nyumbani aliitwa Cyprien, jina la ubatizo. Kazini jina hilo lilikuwa limekatazwa na serikali, akawa Citoyen, yaani Raia, Balagizi. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na alijivunia kitu kimoja tu: hakurudia sentensi moja katika mosio mbili.

Oktoba ya sabini na tatu redio ilitangaza kwamba serikali yetu imekata urafiki na Israeli. Wale waliokuwa wakifundisha askari wetu kuruka na parashuti, juzi tu marafiki, leo wafunge mizigo. Rafiki ametupwa kwa ajili ya ndugu, ndivyo tulivyoelezwa. Na ndugu ni Mwarabu, na Mwarabu ana mafuta. Siku mbili baadaye vita ikawaka kule kwao. Watu wa mtaa wa Kadutu walibeba redio begani wakishangilia kama mpira, ingawa hakuna aliyejua timu yetu ni ipi. Kisha ndugu akapandisha bei. Alimpandishia adui, alimpandishia rafiki, na ndugu yake akampandishia vilevile. Ilipofika Desemba, mapipa yaliyokuwa yakipanda kutoka upande wa Bujumbura yalikuwa yamepungua hadi nusu.

Hapo ndipo Komisere, mkuu wa zone, alipomwita Balagizi. Alikuwa mtu wa mbali, kutoka mtoni kule Équateur, Kiswahili chake kimechanganyika na Lingala, tumbo limekaza vifungo vya abakosti, ile koti ya kitaifa isiyovaliwa tai.

“Citoyen Balagizi, yoka. Wenzetu wameshatuma mosio juu ya hii vita. Zone ya jirani imetoa mbuzi makumi ine. Ile ingine imetoa siku tisa za sala. Shiye tutatoa nini?”

“Tunaweza kutoa shangwe, Citoyen Komisere.”

“Shangwe tulitoa mwezi uliopita. Weka kitu kizito.”

“Kizito cha namna gani?”

“Ni wewe iko na Kifaransa, apana mi.”

Balagizi akarudi kwenye mashini yake, akapangusa miwani, akaandika kitu kizito. Aliandika kwamba wananchi wa zone, kwa umoja na kwa machozi ya furaha, wanarudisha kwa taifa kota yao yote, mgao wao wa mafuta, kwa muda wa miezi sita, ili silaha ya petroli isimpigishe magoti Mwafrika yeyote. Nao watatembea kwa miguu, wakiimba. Alilipenda sana lile neno la mwisho. Alilisoma mara tatu kwa sauti, peke yake, kama mtu anayeonja mchuzi.

Hakuna mwananchi hata mmoja aliyeulizwa. Wala Balagizi hakuona kosa, kwa maana ni nani aliyewahi kuulizwa?

Jibu lilikuja katikati ya Januari, kwa telegramu. Komisere aliwakusanya watu uwanjani siku ya salongo, ile kazi ya lazima isiyo na malipo, majembe bado mkononi, akaisoma mara mbili. Taifa linashukuru. Taifa limekubali. Kota ya zone, lita zote za miezi sita, imepelekwa kwenye ulinzi wa nchi. Watu wakapiga makofi, kwa maana mkubwa alipiga makofi. Modeste peke yake, dereva wa Land Rover ya zone, ndiye aliyesimama mikono chini. Alisogea karibu na Balagizi.

“Papa Sekretere,” alisema polepole, “bamesoma.”

“Bamesoma nini?”

“Mosio. Mama yangu! Kule Kinshasa iko mutu anasomaka mosio.”

Juma lile Modeste alifanya mzaha wake kila mahali: kwamba ni afadhali Papa Sekretere angeandika kwamba zone inatoa Komisere wake. Balagizi alicheka pamoja na wengine. Alicheka mpaka Jumatatu ya pili ya Februari.

Siku hiyo aliitwa kwa mapadri, kwenye foni. Ilikuwa redio ya kuongea na misheni za mbali, saa saba kila siku, sauti zikitoka ndani yake kama kutoka chini ya maji. Kwa upande mwingine alikuwa Masera Constance, mtawa mkunga wa kijiji kimoja karibu na Kamituga. Virginie, binti mkubwa wa Balagizi, alikuwa mwalimu pale pamoja na mume wake Jean-Baptiste.

“Papa Virginie, unanisikia? Mutoto amelala kwa kukingama. Mimba ya kwanza bamemupasua kule Bukavu, unakumbuka. Ata sasa lazima bamupasue. Munganga wa kupasua wa huku kwenye mugodi alirudia kwao Ulaya, na mwingine hajafika. Nimemaliza, sema.”

“Siku ngapi, Masera?”

“Kumi na tano. Labda kumi na mbili. Mutume gari. Uchungu ukianza huku, mi sina kisu.”

Kutoka Kamituga hadi Bukavu ni karibu kilomita mia moja na themanini za tope na mawe. Kwa Land Rover ni siku moja ikiwa Mungu ameamka vizuri. Balagizi alishuka kutoka kwa mapadri akihesabu lita kwa vidole. Hakuwaza chochote kingine. Bado alidhani tatizo lake ni lita tu.

Kesho yake alienda kuomba boni, hati ya kununulia mafuta. Kituo cha mafuta hakikuuza bila boni, na boni zilitolewa kwa zone katika dirisha moja, mjini chini karibu na ziwa. Kijana wa dirishani alifungua daftari lake.

“Zone gani?”

Balagizi akaitaja. Kijana akaacha kalamu.

“Ah! Nyiye njo bale ba kutembea kwa miguu!” Akageuka nyuma. “Citoyens, kuyeni muone! Mutu wa ile zone!”

Wakaja watatu. Hawakumcheka. Walimpa mkono mmoja mmoja, kwa heshima kama ya msibani. Nyuma yao, ukutani, chini ya picha ya Mkubwa na taa inayowaka mchana, ilibandikwa mosio ya hamsini na tatu, na chini yake saini yake mwenyewe yenye mkia mrefu.

“Mi naomba lita makumi munane tu,” alisema. “Ni kwa mugonjwa.”

“Muzee, ningekupa. Lakini angalia mustari wenu.” Kijana aligeuza daftari. Palipopaswa kuwa na namba palikuwa na mstari mwekundu, umepigwa kwa rula. “Hapa hakuna sifuri. Sifuri ningeweza kuiongezea kitu. Nyiye mulijitoa.”

“Na ambulansi?”

“Iko chini ya zone. Mulijitoa pamoja nayo.”

Basi akarudi kwa Komisere, akiwa na karatasi nyeupe na ujasiri aliokuwa ameuacha seminari. Akasema anaomba ruhusa ya kuandika barua ndogo ya kusahihisha. Si kufuta. Kusahihisha. Komisere alimtazama kwa huruma ya kweli.

“Ndeko, kusahihisha ni kuandika nini? Haya, kaa. Ingiza karatasi. Andika: wananchi wa zone yetu hawamuungi tena Mkubwa mukono. Weka saini yako. Mi nitaleta muhuri.”

Karatasi ilikuwa tayari kwenye mashini. Vidole vya Balagizi vilikaa juu ya herufi, havikushuka.

“Ni juu ya mutoto wangu tu, Citoyen Komisere.”

“Mutoto wako ni raia. Raia wameshasema. Ni wewe ulisema kwa jina lao, na ulisema vizuri sana.”

Alijaribu zone ya jirani, ile ya mbuzi makumi ine. Gari zao zilikuwa zikipita barabarani kila siku zikimrushia matope. Mkubwa wa huko alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa uchungu. “Shiye tulitoa mbuzi, Papa. Mbuzi haiendeshi gari, njo maana gari zetu zinaenda. Lakini nikikupa mazutu, watasema nimeharibu zawadi yenu kwa taifa. Mi iko na batoto sita.”

Mji wenyewe ulikuwa ukiwaka. Maji ya Ruzizi yalizungusha mitambo mchana na usiku, taa za avenyu hazikuzimwa hata saa sita za mchana, na picha kubwa ya uwanjani ilikuwa na balbu kumi na sita kuizunguka. Umeme tulikuwa nao wa kutupa. Lakini hakuna aliyewahi kubeba mjamzito kwa balbu.

Ni Apolline, mke wake, aliyekataa kukaa kimya. “Papa Virginie,” alimwambia, “we uliandika kwa jina la batu bote. Sasa acha mi niende nibaombe kwa jina langu.” Akaenda kwa wanawake wa soko, wale wanaoishi juu ya milima ambako nyaya za umeme hazikufika. Kila mmoja alileta chupa ya petroli ya taa yake. Mmoja alileta nusu chupa, akaomba radhi. Hakuna aliyemsema Balagizi. Waliposalimia walisema tu “pole,” naye angependa zaidi wamtukane.

Modeste naye alichukua mpira na ndoo akazunguka nyua ambamo malori ya Wagiriki yalikuwa yamelala. Novemba iliyopita serikali iliwanyang'anya wageni mali yao na kuwapa raia wetu wakubwa, na raia wetu wakubwa hawakujua lori linalishwa nini. Alinyonya mazutu, yaani dizeli, iliyobaki chini ya tangi, funda kwa funda, akatema, akanyonya tena. Kwa siku nane alinuka kama gereji.

“Nikikohoa karibu na kiberiti,” alisema, “mutanizika bila sanduku.”

Walipata lita sabini, mazutu na petroli ya taa zikiwa zimechanganyika. Modeste alisema mashini itakohoa lakini itaenda. Kwa lita hizo Land Rover itafika Mwenga na kurudi, si zaidi. Kwa hiyo kwenye foni walipatana na Masera Constance hivi: wanaume wa kijiji wambebe Virginie kwa tipoyi, kile kitanda cha miti kinachobebwa mabegani, wamshushe mpaka Mwenga. Waondoke Jumatatu, Jumatano mchana wakute gari. Masera alisema uchungu haujaanza. Kisha akasema kwamba Virginie yuko karibu naye, anataka kuongea, na sauti ikatoka chini ya yale maji:

“Papa? Usilete maman. Njia ni mubaya, mugongo utamuuma. Kuya wewe tu. Nimemaliza.”

“Nitakuja,” alisema Balagizi. Akasahau kusema amemaliza, na wakakaa kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme, mpaka padri akazima.

Jumatano alfajiri walimimina lita sabini ndani ya tangi, nyuma ya ofisi. Apolline alikuwa ameweka godoro na blanketi. Modeste alikuwa tayari amewasha mashini ipate joto, nayo ikikohoa kama alivyosema, wakati Komisere alipotokea akitembea haraka, nguo mpya, kitambaa shingoni. Mjumbe wa chama alikuwa anatua Kavumu asubuhi hiyo kutoka Kinshasa. Habari ilifika jana jioni. Amekuja hasa kwa ajili ya zone yao: kuwashukuru uso kwa uso kwa kurudisha kota.

“Nililala bila kulala,” alisema Komisere. “Nilijiuliza: nitamupokea na nini? Na miguu?” Akainama dirishani, akaona mshale wa tangi. Akaugonga kwa kidole. Mshale haukushuka. “Mungu wa Zaïre! Tuko na mazutu!”

“Citoyen Komisere,” Balagizi akaanza, “ile mazutu ni…”

“Ni ya nani?”

Aliuliza polepole tu. Modeste akatazama chini. Zone iliyotoa kota yake yote kwa taifa ilikuwa na lita sabini zimefichwa. Kuna jina la jambo hilo, hujuma, na kuna mahali pake, nyuma ya ukuta wa askari, na aliyenyonya mpira angeingia wa kwanza, na wanawake wa chupa wangemfuata. Balagizi alimwona Apolline akishika blanketi kifuani. Akajua kwamba jibu lolote atakalotoa lina mtu ndani yake.

“Ni ya zone,” alisema.

“Njo vile. Na wewe vaa vizuri. Utasoma.”

Land Rover ikaenda Kavumu, ikarudi. Ikaenda tena kwa ajili ya mizigo ya mjumbe. Kisha ikafungwa kipaza sauti juu, ikapanda na kushuka vilima vya zone saa tatu nzima ikiwaita watu waje kusikia jinsi walivyojitolea. Kila ilipopita, Balagizi alisikia mashini ikikohoa petroli ya taa za wanawake.

Alasiri uwanja ulijaa. Wanawake wa animasio, kikundi cha nyimbo na ngoma za chama, walicheza katika vitenge vyenye uso wa Mkubwa. Mjumbe, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, alieleza kwamba vita ya mbali ni vita yetu, kwamba mafuta ni damu, na kwamba zone hii imetoa damu bila kuambiwa. Mtu wa redio ya Bukavu aliweka mikrofoni yake juu ya kijiti. Halafu Komisere akampungia sekretari wake mkono.

Balagizi alisoma. Mwanzo alisoma Kifaransa, kisha, kwa amri, akatafsiri Kiswahili ili hata watu wa milimani waelewe. Alifika pale pa machozi ya furaha. Alifika pale pa kota. Mbele yake, mstari wa kwanza, walisimama wale waliotoa chupa, wakimtazama wakiwa hawana chuki hata kidogo. Alisema: nao watatembea kwa miguu. Akanyamaza. Komisere akakohoa. Mjumbe akainua uso.

“Wakiimba,” alisema Balagizi, na uwanja ukaimba.

Alhamisi asubuhi mshale ulikuwa karibu kulala. Walipanda hata hivyo, yeye na Modeste. Walipita Walungu, wakapita Burhale, na kwenye mteremko mmoja baada ya hapo, kama kilomita sabini na tano kutoka Bukavu, mashini ikakohoa mara ya mwisho. Modeste akaiacha iteremke mpaka iliposimama yenyewe, magurudumu ndani ya tope.

“Enda, Papa,” alisema. “Mi nitabaki. Nikiacha gari ya zone njiani watanifunga.”

Balagizi alitembea. Viatu vyake vilikuwa vya ofisini. Alilala katika kanisa dogo la majani, asubuhi akaendelea, akiwauliza wote aliokutana nao kama wameona tipoyi. Hakuna aliyeiona. Alijiambia kwamba hilo ni jema: wako bado Mwenga, wamepumzika, wanangoja.

Ijumaa karibu saa sita aliwaona. Walikuwa upande wa pili wa bonde, wanaume wanane kwenye njia nyekundu, wanne chini ya miti na wanne nyuma.

Tangu utoto wake alijua jinsi tipoyi inavyoendeshwa. Wanaobeba mgonjwa hukimbia. Wanabadilishana mabega wakikimbia, na mmoja yuko mbele akipiga kelele ili watu wapishe njia. Alisimama kwenye ukingo akitafuta yule wa mbele. Akatega sikio. Akasubiri waanze kukimbia.

Walikuwa wakitembea.

Walichukua karibu saa nzima kuvuka bonde. Jean-Baptiste alikuwa wa kwanza kufika, mwalimu mrefu, suruali imejaa tope mpaka magotini. Alimshika baba mkwe wake mikono yote miwili.

“Uchungu ulianza Jumatano usiku, papa. Tulingoja gari ku Mwenga, haikukuya, tukasema tuendelee, tutaikuta njiani. Jana saa kumi njo alikwisha. Na mutoto ndani.”

Balagizi alitikisa kichwa, akatikisa tena, kama mtu anayesikiliza maagizo.

“Pale Mwenga,” Jean-Baptiste aliendelea, kwa sababu alikuwa ameanza na hakujua namna ya kuacha, “mutu mumoja alikuwa na redio. Jumatano, jua likianza kushuka. Virginie akasema bongeze sauti, huyo ni papa. Alifurahi, papa. Aliambia bale bote: huyo anasoma ni papa yangu. Alisikiliza mpaka mwisho.”

“Alisema nini?”

“Aliuliza kama utaondoka kiisha kusoma.”

Wabebaji walikuwa wameweka tipoyi chini kwenye majani, wamekaa mbali nayo kidogo, wakipangusa shingo. Blanketi lilikuwa la shule, la kijivu. Balagizi hakulifunua. Walipoinuka, alisogea akaingiza bega lake chini ya mti wa nyuma. Tipoyi ikalala upande, na mzigo ukateleza. Mwanaume mmoja akaushika haraka kwa mkono.

“Muzee, acha,” alisema kwa upole. “We iko mufupi. Inainama.”

Akamwondoa taratibu, akaingia mwenyewe mahali pake. Wakaanza kupanda. Balagizi akawaacha wapite wote, kisha akawafuata nyuma, mikono mitupu.